Nani Hupanga Viwango vya Shule Marekani?



Marekani haina mtihani mmoja wa taifa kama ule wa kidato cha nne tuliouzoea huku kwetu. Katiba yao haitaji elimu hata mara moja, na Marekebisho ya 10 ya mwaka 1791 yanaacha mikononi mwa majimbo na wananchi mamlaka ambayo serikali kuu haikupewa. Ndiyo maana mtoto wa Texas hupimwa kwa viwango vya Texas, na wa Minnesota kwa vya Minnesota.

Basi serikali kuu iliingilia wapi? Kwenye fedha. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya kuzisaidia shule zenye watoto wengi maskini. Sehemu kubwa ya gharama za shule hubebwa na majimbo na wilaya, lakini fungu la Washington halikataliki kirahisi, nalo huja na masharti. Sheria ya mwaka 2002, enzi za George W. Bush, ilidai wanafunzi wapimwe kusoma na hesabu kila mwaka, darasa la 3 hadi la 8, na mara moja sekondari. Ifikapo 2014, wote wawe wamefikia kiwango.

Kiwango kipi? Hilo kila jimbo lilijiamulia. Shule zilizobaki nyuma ziliwekewa adhabu, na baadhi ya majimbo yakashusha alama ya kufaulu. Mtoto aliweza kuhesabiwa amefaulu jimbo hili, akihamia la jirani akaonekana hajafika. Kwangu mimi huko ni kumdhulumu mzazi, hasa maskini asiye na njia nyingine ya kujua kama mwanawe anasoma kweli.

Mwaka 2010 majimbo mengi yalianza kukubali viwango vya pamoja vya Kiingereza na hisabati. Texas na Virginia hazikujiunga, na mengine yalijitoa baadaye yakilalamika kwamba Washington inayasukuma. Sheria ya Desemba 2015 ikamkataza waziri wa elimu kulilazimisha jimbo lolote kufuata viwango hivyo. Mitihani ya kila mwaka ilibaki.

Msikilizaji uliye na watoto wanaosoma Marekani, sheria hiyo ya 2015 inataka taarifa ya matokeo ya kila shule itangazwe kila mwaka. Iombe, uisome, kisha linganisha matokeo ya jimbo lako na yale ya upimaji wa taifa wa darasa la 4 na la 8, ambao hutumika kulinganisha majimbo wala si mtihani wa kumfaulisha mtoto. Ukiona yamepishana sana, waulize wakuu wa elimu wa jimbo lako, kwa maana wao ndio waliopanga alama ya kufaulu.