Waya Ulioshikamana na Moyo

Jamaa zetu wa Fairfield, magharibi ya Sydney, watakaoarifiwa na tabibu kwamba nyaya za kifaa kinachoongoza mapigo ya moyo zimeharibika na kwamba yafaa zitolewe, wasione haya kuuliza sana. Kwani waya uliokaa miaka mingi hufunikwa na kovu, ukashikamana na mshipa na nyama ya moyo, na kuung'oa huweza kuvipasua. Mji wa Sydney wayajua hayo: ndiko ilikoanzishwa kampuni ya Telectronics, ambayo waya wake uitwao Accufix ulidhihirika mwaka 1994 kuwa sehemu yake ya ndani huvunjika na kuchoma mwili. Wengi waliazimia kuutoa, na baadhi yao, nalisema kwa huzuni, walifariki kwa kule kutolewa.

Ikiwa nyaya zimeingia maradhi ya usaha, kukawia ndiko hatari. Lakini zikiwa zimekatika tu, suali la kwanza ni je, ni lazima zitoke? Kisha: tabibu atakayezitoa amekwisha kutoa ngapi, na mpasuaji wa moyo atakuwapo karibu? Na asiyekifahamu Kiingereza aombe mkalimani. Katika hospitali za serikali hatalipa kitu kwa mkalimani huyo.