Fidia kwa Madhara ya Chanjo: Tunza Kadi, Usichelewe
Hotuba ya Mwanasheria wa Halmashauri kwa wananchi wa kata



Mama mmoja alifika ofisini kwangu akiwa hawezi kuinua mkono hata kujifunga kilemba. Alieleza kuwa bega lilianza kumuuma siku aliyochomwa chanjo ya pepopunda akiwa mjamzito. Sindano ikichomwa juu mno, yaweza kweli kulijeruhi bega. Lakini miaka minne ilikuwa imepita, kadi ya kliniki imepotea, wala hakuna daktari aliyeandika lolote. Nilimwonea huruma, lakini muda wa kisheria ulikuwa umekwisha.

Zahanati zetu ni za Halmashauri, nami ni mwanasheria wake. Huenda siku moja nikasimama upande wa pili wa shauri lenu. Hata hivyo, ni wajibu wangu kuwaeleza haki yenu.

Kwanza, ugonjwa unaofuata chanjo si lazima uwe umeletwa na chanjo. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1979, humlipa aliyelemazwa vibaya na chanjo bila kumtaka athibitishe uzembe wa mtu. Kwetu, mdai ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba palikuwa na uzembe au kasoro, na kwamba hiyo ndiyo iliyomdhuru.

Pili, rudi kituoni mapema. Omba madhara yaandikwe na taarifa ifikishwe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Tunza kadi yenye tarehe ya chanjo, vyeti vya daktari na stakabadhi za matibabu.

Tatu, hesabu siku. Madai ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3. Anayeishtaki Serikali au Halmashauri hutoa kwanza notisi ya siku 90, na nakala yake humfikia Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kisha shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aombe msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Yule mama aliniaga kwa maneno haya: "Mwanangu amepata chanjo zote. Sikuja kuilaumu chanjo. Nilikuja kuuliza habari za bega langu." Ndugu zangu, swali lake lilikuwa halali. Lilistahili kuulizwa mapema, likapate jibu.