Shaba Inaposhupaa

Somo: Ezekieli 36:24–28



Hapa Voi yuko mzee mmoja mfua shaba. Karakana yake ni kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Ndani mna kisiki cha mti kilichochongwa shimo, nyundo za mti na jiko la makaa. Siku moja nilimkuta akifua bakuli. Aliweka kipande bapa cha shaba juu ya lile shimo, akakigonga taratibu huku akikizungusha, duara baada ya duara, hata kikaanza kubonyea kama kiganja cha mkono.

Nikaomba nijaribu. Mwanzo shaba ilinitii. Baada ya muda nyundo ikaanza kudunda, na mlio ukawa mkali. Nikadhani sina nguvu za kutosha, nikainua mkono juu zaidi. Mzee akanizuia.

"Basi, Mchungaji. Imeshupaa. Ukizidi kuipiga itapasuka."

"Imeshupazwa na nini, mzee?"

"Na hiyo nyundo yako."

Ndugu zangu, shaba ile haikuwa mbovu. Ndiyo ile ile iliyokuwa laini hapo kwanza. Kila pigo lililoiumba liliigumisha pia. Mzee akaitia motoni mpaka ikawa nyekundu ya kufifia, kisha akaitumbukiza majini. Panga likifanyiwa hivyo huwa gumu. Shaba hutoka laini. Bakuli moja hurudi motoni mara nyingi kabla ya kwisha.

Nilirudi nyumbani nimenyamaza, kwa maana nilikuwa na kijana wangu. Alipoanguka mtihani nilimkemea. Alipoacha kuja kanisani nilimkemea zaidi, jioni baada ya jioni, na kila jioni alijibu maneno machache kuliko jana. Mimi nikasema, mtoto huyu ana moyo mgumu. Mwisho akafunga nguo zake akashuka Mombasa. Sikujiuliza hata siku moja ni nyundo ya nani iliyomshupaza.

Watu wa Ezekieli walikuwa uhamishoni, wamekwisha kupigwa. Dhambi yao ilikuwa kweli, wala Mungu hakuificha. Lakini ahadi aliyowapa ilikuwa ya moyo mpya, moyo wa nyama badala ya jiwe. Na Mtume Paulo, katika Waefeso 6:4, awaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao.

Msikilizaji mpendwa, labda nawe umepigwa. Ukame wa mwaka 2022 ulikumalizia mifugo. Ndovu wa Tsavo wameingia shambani usiku wa kuamkia mavuno. Ndugu wamekunyang'anya mpaka wa baba yako. Ukiona moyo wako umeanza kudunda kila neno, usijidharau, wala usikae hivyo. Rudi kwenye moto wa Roho Mtakatifu. Paulo alimtaja Iskanda mfua shaba, aliyemtendea mabaya mengi (2 Timotheo 4:14). Kazi ya mikono ya mtu yaweza kuwa shaba, na moyo wake ukabaki bila kulainishwa.

Sisemi mtoto asirudiwe. Mzee yule hakuitupa nyundo yake. Baada ya moto aliishika tena. Lakini alijua wakati wa kuiweka chini.

Nilipanda matatu nikaenda Mombasa. Sikuhubiri. Nilimwambia kijana wangu, "Mwanangu, nimekukosea, unisamehe." Alitazama chini muda mrefu, kisha akanipikia chai. Kanisani hajarudi. Lakini sasa hunipigia simu, na huzungumza.

Leo, kabla hujainua tena mkono au ulimi juu ya mtu wa nyumbani mwako, sikiliza kwanza mlio wake.

Na tuombe. Ee Baba, sisi tulioshupazwa utulainishe, na sisi tulioshupaza wengine utusamehe. Utufundishe kuiweka nyundo chini. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.