Mashine ya Kutetemesha: Kung'arisha Vyuma Vidogo Bila Kuchafua Mchanga wa Mto

Haya ni mazungumzo ya mkufunzi wa ufundi wa chuma kwa mafundi wa jua kali na vikundi vya wasuka viondo kutoka Kitui na Makueni.

Nimepewa robo saa, kwa hivyo nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilipata oda ya mabizimu 200 ya brasi, ile shaba ya njano, ya kufungia mikanda ya viondo. Niliyeyusha kufuli na mifereji mikuukuu, nikamimina kwenye kalibu za mchanga, kisha mimi na vijana wawili tukakaa na tupa na msasa siku tisa. Mnunuzi alipofika, alipitisha kidole kwenye ukingo wa bizimu la tatu, kidole kikatoka damu. Alirudisha 70. Kazi tulikuwa tumefanya, lakini mkono wa saa kumi jioni si mkono wa saa mbili asubuhi. Akina mama waliosuka vile viondo wakangoja pesa zao mwezi mzima kwa ajili yangu.

Ile kazi ya kutoa miiba na weusi inaweza kufanywa na mashine ya kutetemesha. Ni bakuli nene la plastiki lililokaa juu ya springi. Chini yake kuna mota yenye uzito uliofungwa upande mmoja tu wa mhimili. Mota ikizunguka, ule uzito hauna mwenzake wa kuusawazisha, basi bakuli zima linatetemeka. Ndani unatia vyuma pamoja na vikokoto vya kusugulia, navyo vinajigeuza polepole na kusuguana muda wote. Mawe ya Mto Athi yamelainika kwa njia hiyo hiyo, ila mto hauna haraka.

Mashine ndogo hula umeme kidogo. Mota ya wati 100 ikifanya kazi saa nane haimalizi hata yuniti moja ya tokeni.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza kata kwa msumeno ule mkia uliobaki pale ulipomimina, kwa maana mashine hii hulainisha, haikati. Kisha tia vikokoto vya kauri, maji kiasi na sabuni kidogo. Pima sehemu tatu za vikokoto kwa sehemu moja ya vyuma, na usijaze bakuli mpaka juu. Vyuma vikizidi, vitagongana vyenyewe na kutoka na makovu. Usichanganye brasi na chuma cha kawaida. Angalia pia matundu: kikokoto kinacholingana na tundu kitakwama humo, na utakesha ukikitoa kwa msumari. Fungua uangalie kila baada ya saa moja au mbili, kwa sababu ukiiacha kupita kiasi hata mapambo uliyochonga yatafutika.

Vikiisha kulainika, suuza na ukaushe mara moja, hasa vya chuma, maana kutu haingoji kesho. Halafu ndipo unang'arisha kwa vikokoto vikavu. Ng'ambo wanauziana magunzi ya mahindi yaliyosagwa kwa kazi hii. Sisi baada ya mavuno ya mvua za vuli tunayo marundo nyuma ya nyumba. Yakaushe, yaponde yawe punje ndogo, yachekeche, uongeze dawa kidogo ya kung'arishia. Acha mashine ifanye kazi usiku. Wazee wetu walivuta waya wa shaba na kufuma mikufu myembamba iliyosifiwa mbali, bila mota yoyote, kwa hivyo asiwepo wa kusema mashine inaua ufundi. Kalibu na umbo bado ni vyako.

Lakini kuna jambo ambalo wauzaji wa mashine hawalitaji. Brasi ya mifereji na kufuli mara nyingi huwa na risasi kidogo ndani yake, iliyotiwa ili ikatike vizuri kiwandani. Ukisugua brasi, risasi hiyo hutoka pamoja na tope na vumbi. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na haina kiwango cha kusema hiki ni salama. Mnakumbuka Owino Uhuru kule Mombasa, ambako betri zilikuwa zikiyeyushwa karibu na makazi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Sisi ni wadogo sana kuliko kiwanda kile, lakini sisi hunywa maji kutoka mchangani. Ukimwaga ndoo ya tope kwenye mto mkavu, iwe Kaiti au Kalundu, unaimwaga juu ya kisima ambacho jirani atakichimba mwezi wa Septemba, au juu ya bwawa la mchanga ambalo kijiji kizima kilibeba mawe kulijenga.

Kwa hivyo weka ndoo mbili. Maji machafu yatulie usiku kucha, uyachuje kwa kitambaa, na yale ya juu uyarudishe kwenye mashine. Tope liwe kwenye mtungi wenye kifuniko na alama, kisha uulize ofisi ya mazingira ya kaunti pa kulipeleka. Unapochekecha magunzi makavu, vaa barakoa, simama nje, na watoto wasiwe karibu. Nguo za kazi zibaki kazini. Waya wa mota uwe na athi, na uchomoe plagi kabla ya kuongeza maji.

Na akina mama, hili nawaomba ninyi hasa, kwa kuwa fundi atasahau. Magunzi yaliyokwisha kutumika yanafanana na mengine yote. Msimpe mbuzi, wala msiyawashe jikoni.

Mashine ipo hapo nyuma, imewashwa tangu asubuhi. Tukafungue bakuli tuone.