Subira Hailipi Bima



Vijana wenzangu wa Mountain View, na nyinyi wa kule Kangemi. Leo nataka tumzungumzie dada aliyepewa talaka, ana watoto wawili, usiku halali, mchana haongei na mtu. Mnamjua. Kila mtaa una wake. Tunamwambia, "Subiri dada, soma Qur'ani." Maneno mazuri, hata mimi huyasema. Lakini nani amemuuliza: bima yako iko kwa jina la nani?

Tangu Oktoba 2024 NHIF ilienda, ikaja SHA. Familia husajiliwa kama nyumba moja, na mara nyingi mchangiaji ni baba. Mama na watoto wanaandikwa chini yake. Ndoa ikivunjika, mama aanze upya. Asiye na mshahara huulizwa maswali ya nyumba na mali, ndipo akadiriwe. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, ila hulipwa ya mwaka mzima kwa mpigo: 3,600. Anayefulia watu nguo atazitoa wapi siku moja? Na matibabu ya akili yamo kwenye bima hiyo, hata kulazwa, lakini kwa aliyelipa.

Inua Jamii je? Ile 2,000 kwa mwezi ni ya wazee wa miaka 70 kwenda juu, mayatima, na wenye ulemavu mkubwa. Mama wa miaka 30 aliyezidiwa na mawazo hayumo. Halafu tunasema ana majini! Sipingi ruqya. Ila kodi ya nyumba haisomewi ikaondoka.

Na wanaume msicheke. Nyinyi mkikosa kazi mnaambiwa "jikaze", basi.

Suratu Talaq inamwamuru mume ampe mke makao wakati wa eda. Hiyo ni haki yake, na Mahakama ya Kadhi ipo kwa Katiba, kifungu cha 170. Sasa mimi nasema hivi: wazee wakikaa kuandika talaka, waulize palepale matumizi ya watoto na bima. Kabla hajafunga mkoba wake.

Zaka nayo, Suratu Tawba aya ya 60 imewataja mafukara, masikini, wenye madeni. Kina mama kumi kwa mwaka ni shilingi 36,000. Mnajua biriani ya harusi moja hugharimu pesa ngapi.

Kujisajili SHA ni bure, unapiga *147#, na aliyesajiliwa anatibiwa bila malipo kwenye zahanati na vituo vya afya vya serikali vya ngazi ya 2 na 3. Wengi hawajui. Jumamosi baada ya Adhuhuri mje na simu zenye chaji, tupite nyumba kwa nyumba. Kina dada ndio watakaobisha hodi na kuuliza maswali, kwa sababu si kila mama atamwambia kijana wa kiume kwamba ameachwa.