Shanga, Pete na Daftari
(Hotuba ya Mkaguzi wa Ushirika, Buseresere)



Mtakapopeleka shanga, bangili na pete za shaba katika maonesho ya Nanenane, Nyamhongolo, Mwanza, wanunuzi watajua mmetoka mkoa wa dhahabu. Wakiuliza, semeni kweli: hii ni shaba. Dhahabu ghafi ina masoko yake ya madini, kama lile lililofunguliwa Geita mwaka 2019.

Kila pambo liandikiwe namba, jina la aliyelitengeneza na bei iliyokubaliwa. Muuzaji asipunguze bei kwa kuchoshwa na jua. Kila jioni stakabadhi, fedha na mapambo yaliyosalia yahesabiwe mbele ya wanachama wawili.

Daftari moja nililokagua lilikuwa na jumla tu. Mama aliyetunga shanga miezi miwili hakujua fungu lake, akajitoa chamani. Ndugu zangu, mwanachama hufukuzwa pia kwa daftari lisiloandikwa.