Asubuhi Moja Katika Pori la Kwedizinga

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa siku ya makutano ya shule)



Barua ya kunialika ilinitaka niseme juu ya kazi na uaminifu. Ni jambo jema, lakini najua vijana wa kidato cha pili hufanya nini mtumishi wa serikali anapoanza kuhubiri uaminifu baada ya chakula cha mchana. Husinzia. Mimi mwenyewe nilisinzia hapo hapo mlipokaa. Basi niruhusuni niwasimulie habari ya kuwinda.

Nilikuwa na rafiki, tulilala bweni moja miaka minne. Jina lake sitalitaja, maana hapendi kusifiwa. Wenzangu mtamkumbuka kwa ulinda mlango wake. Baada ya kidato cha nne mimi niliendelea na masomo hata nikafika Chuo Kikuu, naye akarudi kwao Kwedizinga, katika nchi ile ya Handeni na Korogwe, akalima mahindi na machungwa. Urafiki haukukatika.

Mwezi wa Septemba, mwaka 2007, nilikwenda kwake kwa ajili ya hitma ya arobaini ya baba yake. Marehemu alikuwa mwindaji, tena wa aina ya peke yake. Serikali ilipopiga marufuku uwindaji nchi nzima mwaka 1973, alitundika bunduki yake ukutani, wala hakuishusha mpaka uwindaji uliporuhusiwa tena mwaka 1978. Majirani walimcheka, maana pori lilikuwa nyuma ya nyumba na askari wa wanyamapori alikuwa mbali. Yeye akala mchicha.

Rafiki yangu alitaka wageni wa hitma wale nyama ya mbawala, ambaye wengine humwita pongo, kwa kuwa ndiyo aliyoipenda marehemu. Alikuwa na bunduki yake mwenyewe, na leseni aliyoilipia wilayani kwa Bwana Nyama, kama wazee wanavyomwita mpaka leo. Leseni ile ilisema mbawala mmoja. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori iliyotumika siku zile ilikuwa ile ya mwaka 1974. Iliyopo sasa ni ya mwaka 2009.

Tuliondoka saa kumi alfajiri. Yeye alitangulia na bunduki, mimi nikafuata na chupa ya chai na panga. Kiunoni alikuwa na kifuko cha kitambaa chenye majivu. Kila baada ya hatua kadhaa alikitikisa, akatazama majivu yanapeperukia wapi, ndipo akachagua njia, ili upepo usipeleke harufu yetu mbele. Mimi sikuwa na ujuzi huo. Nilipita chini ya upupu uliokauka, na kwa muda wa nusu saa nilijikuna shingo kama mwenye ndui, naye akanikataza hata kuguna.

Kulipopambazuka tulikuwa tumekaa juu ya ukingo wa korongo, kwale wakilia upande wa pili. Mbawala si mnyama wa kundi. Hutembea peke yake au wawili, hukaa penye kichaka kizito karibu na maji, na hutoka kula alfajiri na magharibi. Akishtuka hubweka kama mbwa, na hapo kazi yako imekwisha.

Wa kwanza alitoka hatua thelathini mbele yetu. Alikuwa mwekundu, ana madoa meupe ubavuni, amesimama wazi kabisa. Mikono ilinitetemeka. Nikamnong'oneza mwenzangu, "Piga!" Hakupiga. Nikamgusa bega, "Piga, atakwenda!" Akashusha mtutu. Yule mnyama akala majani taratibu, akageuka, nami ndipo nikaona alivyo. Hakuwa na pembe. Alikuwa jike, na tumbo lake limeshuka. Akaingia kichakani.

Nilikasirika, ndugu zangu. Nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba wageni ni wengi, hitma ni kesho, na porini pale hapakuwa na mtu wa kutuona. Yeye alinijibu neno moja tu, "Sisi tupo."

Tukakaa tena. Jua lilikuwa limeanza kuwaka usoni dume alipotokea chini ya korongo, mweusi mweusi mgongoni, pembe zimejipinda. Rafiki yangu alisema "Bismillahi" na kufyatua. Mbawala akaruka juu, akapiga mateke, akatokomea. Tulipofika mahali pale tulikuta damu, lakini si nyingi, nayo ilikuwa nyeusi. Mwenzangu akaitazama akanyamaza. Damu yenye povu, alinieleza baadaye, ni ya mapafu, na mnyama huyo hafiki mbali. Damu nyeusi ni ya ini au ya tumbo. Huyo huweza kutembea saa nzima na maumivu yake.

Akaniambia tukae kwanza, tusimkimbize, maana akifukuzwa atakwenda mbali zaidi, na akiachwa atalala. Tukanywa chai pasipo kuzungumza. Kisha tukaanza kufuata: tone juu ya jani, tone juu ya jiwe, alama ya kwato katika mchanga, halafu hakuna kitu, halafu tone tena. Pale tulipopoteza alama alichomeka kijiti penye tone la mwisho, tukazunguka mpaka tukaona jingine. Kupe walitupanda, miba ikanichana shati nililolinunua Dar es Salaam.

Ilipofika saa tatu mimi nilichoka. Nikamwambia, "Ndugu yangu, huyu amekwenda. Turudi korongoni tukatafute mwingine, leseni bado unayo." Akasimama, akanitazama kama mtu asiyenifahamu. Akasema, "Leseni imekwisha pale damu ilipomwagika. Tukimkosa huyu, wageni watakula maharage, na nitawaeleza kwa nini."

Tulimpata karibu saa nne, ndani ya kichaka, amelala lakini kichwa kiko juu. Dume la mbawala aliyejeruhiwa si wa kuchezea, maana pembe zake zimekwisha kupasua mbwa wengi na watu pia. Rafiki yangu alinizuia nyuma, akazunguka polepole upande wa mgongo, akampiga risasi ya pili, kisha akamwahi kwa kisu akamchinja. Halafu alikaa chini, akamwekea mkono shingoni, akakaa hivyo kitambo. Sikumwuliza anawaza nini.

Wageni wa hitma walikula. Mzee mmoja, aliyewinda pamoja na marehemu, alimega kipande, akauliza, "Jike au dume?" Alipojibiwa akaitika kwa kichwa na kuendelea kula. Nilitazama sahani yangu. Laiti bunduki ingekuwa mikononi mwangu, mzee yule angepewa jibu jingine, au angedanganywa.

Vijana, baadhi yenu mtafika Chuo Kikuu kama mimi. Mtapata meza na mhuri. Miaka michache baada ya asubuhi ile nililetewa mezani hati ya malipo ya kisima, nikaambiwa kazi imekwisha, nitie sahihi tu, kijiji chenyewe ni mbali. Nusura nitie sahihi. Nikalikumbuka neno la porini, nikapanda gari nikaenda kuona. Kisima hakikuwa na maji. Sahihi ilingoja mpaka maji yakatoka. Sijitapi, kwa maana bila mkulima yule wa Kwedizinga nisingekwenda.

Pori lile nalo limepungua. Mashamba yamesogea, na tanuri za mkaa zimesogea zaidi. Nilipokwenda mara ya mwisho tulikaa korongoni asubuhi mbili, bila bunduki, tukasikia mbawala akibweka mara moja tu. Mwenzangu alifurahi kana kwamba amepewa zawadi. Nanyi mnaotoka vijiji vya kule, mkiona mtego wa waya porini, uteguni. Waya haumjui jike wala dume, wala hauna leseni.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Naona kidato cha pili bado wako macho.